Mmea wa Uani kwa Bi Semeni

Paukwa!

Pakawa!

Kimeota nini?

Kimeota jani!

Nani kalipanda?

Hatumjui!

Basi kaeni vizuri. Wewe uliyekaa kwenye moshi, sogea huku. Na asiniulize mtu jina la mmea wenyewe kabla sijafika, maana hata waliokuwa nao uani hawakulijua.

Hapo zamani, katika kijiji cha Kwembago, kule mlimani kwenye ukungu, waliishi mume na mkewe. Mume akiitwa Mhina, mke akiitwa Semeni. Walikuwa na watoto wawili wa kike. Mkubwa, Siwema, alikuwa na miaka kumi. Mdogo, Tunu, alikuwa na miaka minane.

Siku moja Siwema alitumwa kuteka maji mtoni. Akaenda, hakurudi.

Wakamtafuta siku ya kwanza, hawakumwona. Wakamtafuta siku ya pili, hawakumwona. Siku ya tatu wakaukuta mtungi wake juu ya jiwe, umejaa maji hadi shingoni, haujamwagika hata tone. Hakuna nyayo za mnyama, hakuna damu, hakuna kanga iliyochanika. Watu wakatazamana. Angeanguka mtoni, mtungi ungevunjika. Angechukuliwa na chui, wangeona alama. Sasa kapotelea wapi?

Hakuna aliyejua.

Mhina akarudi nyumbani akasema, "Mke wangu, jina lile lisitajwe tena hapa. Kila likitajwa, nakatika vipande."

Semeni akanyamaza. Tunu naye akanyamaza. Nyumba nzima ikazoea kunyamaza.

Basi masika yakaingia. Nyuma ya jiko Semeni alikuwa na bustani yake ndogo: mchicha, mnavu, bamia, na mstari mmoja wa nyanya chungu. Asubuhi moja alikwenda kupalilia. Kati ya bamia na nyanya chungu akaona chipukizi asilolipanda. Shina lake jekundu. Majani mawili mapana, yameelekeana, yana manyoya laini kama shavu la mtoto mchanga.

Akasema, "Gugu hili." Akapeleka mkono aling'oe. Mkono ukaenda, mkono ukarudi. Akaupeleka tena, ukarudi. Akaupeleka mara ya tatu, ukarudi.

Akasimama pale akijishangaa. "Mimi nimepatwa na nini leo? Nashindwa na gugu?"

Akamwita jirani yake, Bi Mkasi, muuza mboga, mtu anayejua kila jani linalouzwa gulioni.

"Shoga, mmea huu ni mmea gani?"

Bi Mkasi akainama, akanusa. "Tangawizi hii."

"Tangawizi ina manyoya?"

Bi Mkasi akanusa tena. "Ngoja. Sasa hainuki kabisa. Mara ya kwanza imenuka, mara ya pili hainuki. Shoga, mimi sijui."

Semeni akamwita mwindaji wa kijiji, Mzee Sempombe, anayejua mimea yote ya msituni.

"Baba, mmea huu ni mmea gani?"

Mwindaji akauzunguka, akavua kofia, akajikuna. "Ungekuwa na miiba ningesema ni ule. Ungekuwa na utomvu ningesema ni ule mwingine. Hauna miiba, hauna utomvu. Mimi sijui."

Akamwendea mkunga, Bibi Nakiete, kikongwe mkali ambaye watoto walimkimbia njiani. Kikongwe akaja na fimbo yake, akautazama mmea muda mrefu.

"Bibi, mmea huu ni mmea gani?"

"Sijui."

"Hata wewe?"

"Nimesema sijui! Unataka nikudanganye? Majani ya mimea ni kama migongo ya watu, yanafanana. Uso wa mmea ni ua. Subiri utoe ua, ndipo utajua umemkaribisha nani." Akageuka akaenda zake bila hata kuaga.

Basi Semeni akasubiri. Mmea ukafika magotini, ua halikutoka. Kiangazi kikaja. Majani yakawa manjano, shina likalala, likaoza, pakabaki udongo mtupu.

Mhina akasema, "Umekufa. Afadhali."

Masika ya pili yakaingia. Ukaota tena palepale, ukafika kiunoni. Ua halikutoka. Kiangazi ukafa.

Masika ya tatu, ukaota tena.

Ndivyo ulivyokuwa. Kila kiangazi unakufa, kila masika unafufuka. Kuku walichakura bustani yote, pale hawakuchakura. Mbuzi wa Mhina alikula bamia, akala mchicha, akala hata kamba yake, lakini mmea ule aliunusa tu, kisha akalala kando yake kama mlinzi. Na Semeni, siku akiwa na huzuni, alijikuta amekaa pale chini, hajui kwa nini, na akiinuka huzuni imepungua.

"Mke wangu," Mhina alimwambia, "wewe na jani lako mnanichanganya."

"Hata mimi nimechanganyikiwa, mume wangu. Naliogopa na nalipenda."

Ikapita miaka saba. Tunu akawa msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye aibu. Na mwaka wa saba mmea ukapita urefu wa mtu, na kileleni pakatokea tumba moja, limefumba kama ngumi ya mtoto.

Siku moja asubuhi akaja mgeni, mzee wa kanzu safi, kilemba kikubwa kichwani, mkoba wa ngozi begani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Binti yangu, napita tu. Nimeona mmea wako. Unaujua?"

"Siujui, baba."

"Ah! Hicho ni kiazi cha asali. Chini yake kuna kiazi kikubwa, kitamu, hujawahi kula mfano wake. Kichimbe leo, kabla ua halijafunguka, ukichemshe, nami nitakuja tule pamoja. Lakini uung'oe wewe, kwa mkono wako mwenyewe."

Semeni akautazama mmea. Majani yake yote yalikuwa yamejikunja. Mzee alipoondoka, yakakunjuka. Semeni akashika kiuno. "Mambo gani haya?"

Hakuung'oa.

Siku ya pili, adhuhuri, akaja mwanamke mnene, amejitanda kanga mbili hadi kichwani, mkoba wa ngozi begani.

"Hodi, mama! Nimekimbia kuja kukuonya. Mmea wako huo ni sumu. Ua likifunguka tu, harufu yake inaua nyumba nzima. Ung'oe leo, ukautupe njia panda. Lakini uung'oe wewe, kwa mkono wako mwenyewe."

Majani yakajikunja tena. Mwanamke akaenda zake, yakakunjuka.

Semeni akaingia ndani kichwa kinamzunguka. Jana kaambiwa ni chakula, leo kaambiwa ni sumu. Aamini lipi? Akila, pengine atakufa. Akiuacha, pengine watakufa wote. Alichukua jembe, akaliweka. Akalichukua tena, akaliweka. Akaishia kulia juu ya jiwe la kusagia.

Na jioni ileile Tunu akashikwa na homa. Mwili ukawa moto, meno yanagongana, anaita watu wasiokuwapo.

Siku ya tatu, alasiri, akaja mganga. Mweusi kama chungu, shanga shingoni, kilemba kinene kimeshuka hadi kisogoni. Na mkoba wa ngozi begani.

"Hodi! Nimesikia hapa kuna mgonjwa."

Mhina akatoka mbio. "Karibu, fundi, karibu! Mwanangu anakufa!"

Mganga hakuuliza mgonjwa amelala wapi. Akaelekea uani moja kwa moja, akaunyooshea mmea kidole. "Dawa yake hii hapa. Mzizi wa mmea huu. Uchimbeni sasa hivi, mnipe mimi nikauchemshe. Lakini muung'oe wenyewe, kwa mkono wenu wenyewe."

Mhina akaruka, akashika jembe. Semeni akaruka, akasimama mbele ya mmea.

"Ondoka, Semeni!"

"Siondoki!"

"Mtoto mmoja nimempoteza, wa pili nimpoteze kwa ajili ya jani? Unalijua jani hilo?"

"Silijui!"

"Sasa unatetea nini?"

"Sijui, Mhina! Sijui ninachotetea! Lakini sikiliza. Juzi mzee aliniambia ni chakula. Jana mwanamke akaniambia ni sumu. Leo mganga anasema ni dawa. Watu watatu, majina matatu, na wote wameniambia neno moja: uung'oe kwa mkono wako. Kwa nini iwe mkono wangu? Mganga ana mikono miwili. Mbona asiung'oe yeye?"

Mhina akamgeukia mganga. Mganga akacheka kidogo. "Ni mwiko wa kazi yetu, ndugu yangu."

Mhina akabaki na jembe juu, halishuki wala halirudi. Akamtazama mkewe, akamtazama mganga, akakisikia kilio cha Tunu ndani.

Semeni hakujua la kufanya. Alichotaka ni muda, muda kidogo tu wa kufikiri. Basi akasema, "Haya. Lakini mgeni hafanyi kazi na njaa. Kaa, fundi. Kuna uji jikoni wa mgonjwa, unachemka. Kunywa kwanza, kisha tuchimbe."

Mganga akasita. Lakini tumbo lake likanguruma kama ngoma, akakaa. Semeni akamletea uji kwenye kata, akaketi na chungu cha moto mbele yake, tayari kumwongezea.

Mganga akanywa kata ya kwanza. Kisogoni, chini ya kilemba, kitu kikasema, "Mm!"

Akanywa kata ya pili. Kisogoni kikasema, "Mm! Mm!"

Akanywa ya tatu. Kikalia kwa sauti, "Na mimi! Nipe na mimi! Unakunywa peke yako!"

Mhina akaangusha jembe. Mganga akashika kilemba kwa mikono miwili. "Nyamaza!"

"Sinyamazi! Miaka saba hujanipa kitu! Yule msichana wa mtoni ulisema tutagawana! Ukamlamba akawa kiazi, ukamtia mkobani, mkoba una tundu, ukamdondosha uani kwa watu, usijue hata ni wapi! Sasa kaota mizizi, huwezi hata kumgusa! Ua likifunguka ataamka, nami nitakufa na njaa!"

Kilemba kikaanguka. Loo! Kumbe si mzee, si mwanamke, wala si mganga. Lilikuwa zimwi, lenye kinywa mbele na kinywa nyuma. Kinywa cha mbele ni mwongo, kinywa cha nyuma hakijui kusema uwongo.

Zimwi likasimama, likawa refu kama paa la nyumba. Likasema, "Mmeshajua. Basi nitawalamba nyote, niwapike pamoja." Likatoa ulimi, mrefu, wa kijivu, mpana kama jani la mgomba, likauelekeza kwa Mhina. Mhina akarudi nyuma hadi ukutani.

Semeni akakumbuka kuwa ana chungu mbele yake. Akakishika kwa kanga, akaumwaga uji wote wa moto juu ya ule ulimi.

Eh! Mayowe ya zimwi siku ile yalisikika hadi bonde la pili. Ulimi ukababuka, ukajikunja kama ngozi motoni. Likatimua mbio, likaparamia uzio wa fito, likashuka bondeni, na njia nzima vinywa vyake vikigombana.

"Wewe ndiye uliyesema!"

"Wewe ndiye mroho!"

"Wewe!"

"Wewe!"

Sauti zikafifia bondeni. Kama lilikufa, kama liliishi, Kwembago hawakujua. Ninachojua ni kwamba zimwi lililobabuka ulimi halimgeuzi mtu tena.

Mhina akaketi chini pale pale kwenye bamia. Akaitazama mikono yake, akalitazama jembe.

"Ningemkata," akasema. "Semeni, ningemkata kwa mkono wangu mwenyewe."

Kisha akatamka jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka saba. Akasema, "Siwema."

Majani yote yakatikisika, na upepo haukuwapo.

Basi msidhani mambo yakaisha hapo. Ndipo kuchanganyikiwa kulipozidi! Tumba lilikuwa bado limefumba. Walifungue kwa vidole? Wanaweza kumuumiza. Wamwagie maji? Mvua ilikuwa tele. Wafunike? Wafunue? Mhina alitoka nje akarudi ndani mara thelathini. Bi Mkasi alileta mwarobaini, akamnywesha Tunu, homa ikateremka. Kisha akasogea uani, akauinamia ule mmea akasema kwa aibu, "Mwanangu, unisamehe, nilikuita tangawizi."

Wakamwita Bibi Nakiete. Wakamwuliza, "Bibi, tufanye nini?"

"Sijui," akasema mkunga. "Lakini wanaozaliwa hawavutwi. Kaeni hapa. Msimwache peke yake." Na yeye mwenyewe akakaa.

Wakakaa siku ya kwanza. Wakakaa siku ya pili. Siku ya tatu, jua lilipochomoza juu ya mlima na ukungu ukapanda, tumba likaanza kufunguka. Polepole, jani kwa jani. Ua jeupe, kubwa kama ungo, lisilofanana na ua lolote. Likafunguka hadi mwisho, likainama, likashuka hadi chini. Shina likawa laini, likawa shingo. Majani yakawa mikono.

Na katikati ya bustani akawa amekaa msichana wa miaka kumi, udongo masikioni, anapikicha macho.

Semeni alitaka kumshika, akaogopa kumvunja. Mhina alitaka kusimama, akapiga magoti. Bibi Nakiete peke yake ndiye aliyefanya jambo la maana: alivua kanga yake akamfunika mtoto.

Siwema akatazama huku na huku. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mbona mnalia? Mbona baba ana mvi?"

Wamjibu nini? Wanaanzia wapi? Kwake yeye asubuhi ilikuwa ileile.

Tunu akatoka ndani, bado dhaifu, ameshika ukuta. Akasimama mlangoni. Akamwona msichana mdogo ameketi kwenye bamia. Siwema naye akamwona msichana mkubwa, mrefu, mgeni kabisa machoni pake. Na kwa kuwa alilelewa na adabu, Siwema akainuka, akakusanya kanga, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada," akasema.

Tunu akamtazama mama yake kama anayeuliza ajibu nini. Semeni mwenyewe hakujua. Mtu akiitikia shikamoo ya dada yake mkubwa, si ni utovu wa adabu? Na asipoitikia, si ni utovu wa adabu pia?

Mwisho Tunu akashuka kizingitini. Akatembea hadi bustanini, akachuchumaa mpaka akawa mfupi kuliko Siwema, akamfuta udongo kwenye sikio kwa kidole gumba.

"Si mimi, ni wewe," akasema. "Shikamoo, dada Siwema."

Siwema akamtazama usoni muda mrefu. Kisha macho yakamtoka. "Tunu?"

"Ndiyo, mimi."

"Wee Tunu! Umekuwaje mkubwa hivyo? Mimi nimekwenda mtoni tu!"

Hapo ndipo Mhina alipoanza kucheka, akicheka analia, na watu wote uani wakamfuata, na Bibi Nakiete akawagombeza kwamba mtoto ana njaa na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumpa chakula.

Hadithi yangu imefika ukutani, haina mlango wa kuendelea. Mliyoyaokota yashikeni: kitu usichokijua, usikikimbilie kukiharibu. Na mtu akikuharakisha ung'oe kwa mkono wako kitu ambacho yeye hathubutu kukigusa, muulize kwanza kwa nini, na umpe kata ya uji usikie kisogo chake kitasema nini.